Meza Moja, Majiko Mawili: Jinsi ya Kula Branchi kwenye Mgahawa Mdogo wa Kikorea na Kimarekani

Kuna aina ya mgahawa huku Marekani ambao Mswahili akiingia bila kujiandaa hutoka na njaa, tena akiwa amelipa dola sitini. Ni mgahawa mdogo, meza kumi au kumi na mbili, unaofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa nane au saa tisa mchana. Unauza branchi, yaani ule mlo wa wikendi unaounganisha chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na wapishi wake wamechanganya mapishi ya Kikorea na ya Kimarekani: yai juu ya wali wa kimchi, kuku wa pilipili juu ya wafuli, nyama ya bulgogi ndani ya mkate laini. Chakula chenyewe hakimtishi mtu aliyekulia wali, pilipili na kitunguu saumu. Kinachosumbua ni mambo yanayokizunguka: foleni, nguruwe aliyejificha, mayai yasiyoiva, na bili.

Mfano wangu ni Koreatown, mtaa wa Wakorea wa Los Angeles, kwa kuwa ndiko migahawa ya aina hii ilikojaa. Hatua hizi zinafaa pia Annandale kule Virginia, Duluth karibu na Atlanta, Carrollton karibu na Dallas, na Federal Way kusini mwa Seattle. Yote ni maeneo yenye Wakorea wengi, na Waswahili wanaoishi pembezoni mwa miji hiyo si haba.

Hatua ya 1: Jua unachokwenda kula

Usidhani mchanganyiko huu umebuniwa juzi na kijana mmoja anayetafuta wafuasi mtandaoni. Baada ya Vita vya Korea, 1950 hadi 1953, wanajeshi wa Marekani walibaki Korea Kusini na kambi zao, na vyakula vya kambini vikapenya kwenye majiko ya watu waliokuwa na njaa: soseji, jibini la vipande, na Spam, ile nyama ya nguruwe ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Mji wa Uijeongbu, kaskazini mwa Seoul, unajulikana mpaka leo kwa budae jjigae, mchuzi mkali wa kimchi uliotupiwa soseji na Spam. Kwa hiyo ukiona Spam kwenye menyu, usicheke. Kwa Mkorea huo si utani wala umaskini, ni chakula cha nyumbani.

Kisha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 ikafungua mlango kwa Waasia, na Wakorea wakaanza kuja kwa wingi. Watoto wao wamekula kimchi nyumbani na pankeki kwa majirani. Mwaka 2008 mpishi Roy Choi na wenzake walianza kuzungusha lori la chakula liitwalo Kogi mitaani Los Angeles, wakiuza mbavu za Kikorea ndani ya tortilla, zile chapati nyembamba za Kimeksiko, na watu wakasimama foleni usiku wa manane. Wameksiko hawakuingia humo kwa bahati: wakazi wengi wa Koreatown ni watu wa asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na ukichungulia jikoni kwenye mgahawa wa Kikorea utawakuta wao kwenye moto.

Kabla hujatoka nyumbani, fungua menyu kwenye simu. Karibu kila mgahawa huiweka mtandaoni, pamoja na bei na picha. Maneno machache yatakuvusha:

Kimchi ni kabichi ya Kichina iliyotiwa chumvi, pilipili ya unga, kitunguu saumu na tangawizi, ikaachwa ichachuke. Bulgogi ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana na kulowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, mafuta ya ufuta na mara nyingi tunda la peasi. Galbi ni mbavu. Gochujang ni rojo jekundu la pilipili na soya iliyochachushwa, na lina utamu wa sukari ndani yake. Japchae ni tambi za wanga wa viazi vitamu. Hotteok ni pankeki ya unga wa hamira iliyojazwa sukari ya kahawia, mdalasini na karanga. Ukikuta neno usilolijua, uliza. Wahudumu wa sehemu hizi huulizwa kutwa nzima.

Hatua ya 2: Nenda mapema, na nendeni wote

Ukifika saa tano asubuhi siku ya Jumapili utasimama nje. Saa tano hadi saa saba ndipo kila mtu yupo: waliochelewa kuamka, waliotoka kanisani, na walioahidiana kwa ujumbe tangu Jumatano. Fika saa tatu na nusu au subiri ipite saa saba na nusu, ila ukichelewa namna hiyo jua kuwa vitu vya kuoka huwa vimeisha.

Migahawa mingi midogo haipokei simu ya kuweka nafasi kwa watu wawili au watatu. Utakuta tableti mlangoni au mtu mwenye orodha. Unaandika jina na namba ya simu, unatumiwa ujumbe meza ikipatikana. Toa jina fupi. Mwanaidi atasubiri jina lake litamkwe vizuri mpaka kesho. Ajiandike Mwana tu. Ukipata ujumbe, una dakika chache za kujitokeza, kisha wanampa anayefuata, na hawakurudishi.

Kuna sharti moja linaloudhi watu wetu kuliko mengine yote: hawakukalishi mpaka kundi lote liwe limefika. Ile ya “mimi nimeshika nafasi, wengine wako njiani” haifui dafu. Meza ni chache na kila meza inahesabiwa kwa saa, kwa hiyo mwenye mgahawa hawezi kukuachia viti vinne vikiwa vimekaliwa na mtu mmoja na pochi tatu. Mkiwa wengi, waambie wageni wako muda ulio nusu saa kabla ya muda wenyewe. Tunajuana.

Mahali pengine pana kikomo cha dakika tisini mezani. Hata pasipo na kikomo, ukishalipa na watu wamejaa mlangoni, maongezi yahamishieni nje.

Gari ni shida Koreatown. Maegesho ya barabarani yana vibao vitatu juu ya nguzo moja, vyote vya kusoma. Maeneo mengi ya maduka yana vijana wa kuegesha kwa ada ya dola kadhaa, na wanapenda noti. Treni ya chini ya ardhi inasimama Wilshire/Vermont, Wilshire/Normandie na Wilshire/Western, na kutoka hapo unatembea.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kuagiza

Hapa ndipo pa kukaza. Kwa Mwislamu, kwa Msabato, na kwa yeyote asiyekula kitimoto, menyu ya namna hii ina mitego, kwa sababu jina la chakula halikutajii kilichomo.

Wali wa kimchi mara nyingi hukaangwa na vipande vya Spam au bekoni, hata kama menyu imeandika “wali, kimchi, yai”. Tosti ya mtaani ya Kikorea huwa na paja la nguruwe lililokatwa nyembamba. Mayai ya Benedict ya kawaida nayo hulazwa juu ya nyama ya nguruwe. Viazi vya kukaanga vya asubuhi vinaweza kuwa vimekaangwa kwenye mafuta ya bekoni. Pankeki ya kimchi pengine ina nguruwe, pengine haina. Na mchuzi wa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, unaoonekana kama chakula cha mgonjwa, mara nyingi umeanzia kwenye supu ya dagaa wakavu au mifupa.

Kwa hiyo usiulize “kuna nguruwe?” kwa jumla. Taja chakula, kisha taja vitu: Spam, bekoni, soseji, mafuta ya nguruwe. Sema pia kama ni dini au mzio, maana jikoni wanachukulia tofauti. Kama unajali kwamba bamba la kukaangia ni lilelile lililokaanga bekoni, sema waziwazi, na uwe tayari kujibiwa kwamba bamba ni moja tu. Kwenye jiko dogo huo ni ukweli, si ukaidi.

Pombe nayo hujificha. Nyama hulowekwa na mirin, divai ya mchele yenye utamu, au soju kidogo ili kuondoa shombo. Ukimwuliza mhudumu “nyama ya bulgogi ina mirin au soju?” atakwenda kuuliza mpishi. Nyama ya ng'ombe si nguruwe, lakini haina maana kwamba imechinjwa kihalali. Anayeshikilia uchinjaji ana njia salama kwenye mayai, samaki na mboga, na bado atashiba.

Msabato ana swali lake la ziada. Kimchi ya asili hutiwa kamba wadogo waliowekwa chumvi, au sosi ya samaki, au vyote viwili. Kamba kwake ni haramu sawa na nguruwe. Siku hizi ipo kimchi isiyo na kitu cha baharini, hasa kwenye migahawa inayojali wasiokula nyama, lakini lazima uulize. Na bila shaka ataulizia Jumapili, maana Jumamosi ana shughuli nyingine.

Upande wa mzio, mambo makubwa ni soya, ngano, mayai na ufuta. Ufuta umo kwenye mafuta, kwenye nyama na juu ya wali, na tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria ya Marekani inautambua kuwa miongoni mwa vyakula vikuu tisa vinavyoleta mzio. Gochujang nyingi za dukani zina ngano, kwa hiyo asiyekula ngano asidanganyike na neno “wali”.

Kama unaona haya kwa kuuliza sana, kumbuka wateja wa Los Angeles huuliza kama maziwa ya oti yamewekwa sukari. Swali lako halitamshangaza mtu.

Hatua ya 4: Agiza kwa meza, usiagize kwa kichwa

Menyu imepangwa Kimarekani: sahani moja kwa mtu mmoja. Ukiifuata hivyo, mmoja atapata sukari tupu, mwingine pilipili tupu, na wa tatu atakuwa anatazama sahani za wenzake. Chakula cha Kikorea kimezaliwa kikiwa cha katikati ya meza, kama kilivyo chakula kwetu, na hata kikichanganywa na mayai na mkate hakijaisahau tabia hiyo. Mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba mtashirikiana na mnaomba sahani ndogo za ziada. Wanazo.

Kwa watu watatu, mimi huagiza kimoja kikali na chachu, kimoja cha kukaanga, na kimoja kitamu au cha mkate. Tuseme wali wa kimchi, kuku na wafuli, na tosti ya mtaani. Mkiwa wanne ongezeni kitu cha mboga au mchuzi. Msiagize vitu viwili vya gochujang pamoja, hata vikiwa na majina tofauti, kwa sababu ladha itakuwa ileile na mtachoka katikati.

Wali wa kimchi ndio kipimo cha mgahawa. Unapikwa kwa wali uliolala, maana wali wa moto hushikana na kuwa uji kwenye kikaango, na kwa kimchi iliyozeeka, yenye uchachu wa kutosha. Ni kiporo kilichopewa heshima. Ukiletewa wali mkavu kidogo, wenye ukoko chini, rangi ya machungwa na harufu ya ufuta, hapo pana mpishi. Ukiletewa wali laini uliomwagiwa sosi tamu, kunywa kahawa yako na uhamie kwenye mkate.

Kuku wa Kikorea hukaangwa mara mbili, na ngozi yake hutoka nyembamba na yenye kukatika, si ule unga mzito wa kuku wa kusini mwa Marekani. Tatizo ni sosi. Migahawa ya branchi hupenda kuimimina juu ya kuku ikiwa tayari ina sukari, kisha inaleta sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti, ya kumwagia wafuli. Omba sosi iletwe pembeni. Wafuli, kwa asiyeijua, ni mkate wa unga wa kumimina unaookwa kati ya mabamba mawili ya chuma hadi ukatokea na vijumba vya mraba. Kazi ya vijumba ni kushika sharubati, na kuku akiwa juu vinashika pia pilipili.

Tosti ya mtaani ndicho chakula ninachompendekezea mtu mwenye wasiwasi. Ni mkate uliokaangwa kwa siagi, ndani kuna kimanda chenye kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba, jibini, tomato sosi, na sukari iliyonyunyizwa juu ya yai. Ndiyo, sukari. Onja kwanza ndipo ulalamike. Omba watoe nyama ya nguruwe na hakipungukiwi kitu.

Mayai ya Benedict na bulgogi yanapendeza kwenye picha. Ni mayai yaliyochemshwa bila maganda, yamewekwa juu ya mkate na nyama, yakafunikwa sosi ya viini vya mayai na siagi, na kwenye migahawa hii sosi hiyo huchanganywa na gochujang. Ni chakula kizito sana. Agizeni sahani moja mgawane. Mtu mmoja akiimaliza peke yake mchana wake umekwisha.

Jambo moja la bei: kwenye mgahawa wa kawaida wa Kikorea, vile visahani vya mboga na kimchi vinavyoitwa banchan huletwa bure na huongezwa ukiomba. Kwenye branchi ya mchanganyiko mara nyingi vinauzwa, dola kadhaa kila kisahani. Ukivizoea vya bure, angalia menyu kabla ya kusema “niongezee”.

Hatua ya 5: Jibu swali la mayai

Utaulizwa, haraka na kwa Kiingereza cha mdomoni: unataka mayai yako vipi? Anayeuliza hataki kusikia “ya kukaanga”. Anataka mojawapo ya majina haya. “Sunny side up” ni yai lisilogeuzwa, kiini kikitazama juu na kikiwa kibichi. “Over easy” limegeuzwa sekunde chache, kiini bado ni maji. “Over medium” kiini kimeanza kushika. “Over hard” limeiva kabisa, ndani na nje. “Scrambled” ni la kuvurugwa, na Wamarekani huliacha na unyevu. Ukitaka kavu, ongeza “well done”.

Watu wengi waliokulia Afrika Mashariki hawataki kiini kinachotiririka, na hakuna sababu ya kujilazimisha ili uonekane umestaarabika. Sema “over hard” na uendelee na maongezi. Chini ya menyu utaona alama ya nyota na maandishi madogo yanayoonya kuhusu mayai na nyama isiyoiva. Huo ni onyo la kiafya, na mjamzito, mtoto mdogo na mzee wanapaswa kulizingatia.

Hata hivyo nitakuambia upande wa pili. Kwenye wali wa kimchi, kiini kibichi kinafanya kazi ya mchuzi: unakipasua, unakichanganya, kinapooza ukali na kuupaka wali mafuta. Ukiagiza “over hard” juu ya wali huo, omba na mafuta kidogo ya ufuta au mchuzi wa pembeni, la sivyo utautafuna mkavu.

Hatua ya 6: Vinywaji

Maji ya barafu ni bure na yatakuja bila kuitwa. Asiyetaka barafu aseme mapema. Kahawa ya kuchujwa kwa kawaida huongezwa bila malipo, lakini kahawa za maziwa haziongezwi: kila kikombe ni bei yake.

Jaribu misugaru, unga wa nafaka na maharage yaliyokaangwa unaokorogwa kwenye maziwa baridi. Kuna pia chai ya yuja, limau yenye harufu nzuri iliyopikwa na sukari au asali, na chai baridi ya shayiri isiyo na kafeini. Ukiona “mimosa” au jina lenye soju au makgeolli ndani yake, hiyo ni pombe, hata ikiwa imekaa kwenye glasi pamoja na juisi ya chungwa na kipande cha tunda. Mtoto akinyoosha mkono, angalia kwanza.

Hatua ya 7: Adabu za meza

Sehemu kubwa ya adabu hapa ni za Kimarekani. Utapewa uma na kisu, pengine na vijiti vya chuma na kijiko kirefu. Vijiti vya Kikorea ni vyembamba na bapa, vinateleza, na hata waliozoea vijiti vya mbao huhangaika navyo. Wali Wakorea wenyewe hula kwa kijiko, kwa hiyo kijiko si aibu hata kidogo. Usivisimamishe vijiti wima ndani ya bakuli la wali; hivyo huwekewa marehemu. Kuku na tosti shika kwa mkono.

Mkiwa na mwenyeji Mkorea, hasa mtu mzima, mambo machache yatakuweka vizuri: subiri yeye aanze, mimina kinywaji cha mwenzako kabla ya chako, na ukipewa kitu kipokee kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiugusa mkono huo kwa chini. Aliyefunzwa na bibi yake kupokea kitu hivyohivyo hana cha kujifunza.

Mhudumu ni habari nyingine. Anaweza kuwa mtu wa asili yoyote, na hata akiwa na sura ya Kikorea pengine alizaliwa palepale Los Angeles na Kikorea chake ni cha kumwombea bibi chai. Usimwamkie kwa Kikorea ulichojifunza kwenye tamthilia. Msalimie kwa Kiingereza, kama unavyopenda na wewe usidhaniwe kutoka nchi usiyoijua. Ila akitokea mama mwenye mgahawa akakuuliza kama umeshiba, “gamsahamnida” moja, yaani asante, wakati wa kutoka itamfurahisha.

Kumwita mhudumu ni kwa macho na mkono ulioinuliwa kidogo. Kupiga mluzi, makofi, au ule “psss” wa baa za nyumbani, hapana.

Hatua ya 8: Bili

Bei kwenye menyu si bei utakayolipa. Kuna kodi ya mauzo, kisha kuna bakshishi. Tuchukue mfano wa watu watatu Los Angeles: wali wa kimchi dola 19, kuku na wafuli dola 22, tosti dola 15, kahawa mbili dola 10. Jumla dola 66. Kodi ya mauzo ndani ya jiji la Los Angeles, tangu Aprili 2025, ni asilimia 9.75, yaani dola 6.44. Bakshishi ya asilimia 20 juu ya ile 66 ni dola 13.20. Mnaondoka na dola 85.64, karibu dola 29 kwa kila mtu. Kodi hutofautiana: Carrollton ni asilimia 8.25.

Je, bakshishi ni lazima? Kisheria hapana. Kiutu, mahali unapohudumiwa mezani, ndiyo. Tangu mwaka 1991 sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa ikiwa bakshishi itafidia kiasi kinachobaki, na Texas, Georgia na Virginia zinafuata kiwango hicho. California na jimbo la Washington ni tofauti. Huko mhudumu hulipwa kima cha chini kamili kabla ya bakshishi. Lakini hata California desturi imebaki asilimia 18 hadi 20, na anayeacha dola mbili juu ya bili ya themanini atakumbukwa. Ukiona bei hizi zimekuelemea, punguza kinywaji, usipunguze mshahara wa mtu.

Kabla ya kuandika chochote, soma bili mstari kwa mstari. Kundi la watu sita au zaidi mara nyingi hukuta bakshishi ya asilimia 18 au 20 imeshaongezwa. Wengine huweka tozo ya huduma, au nyongeza ya asilimia tatu kwa wanaolipa kwa kadi, na huitangaza kwa herufi ndogo chini ya menyu. Ikishaongezwa bakshishi, huna sababu ya kutoa mara ya pili, ingawa karatasi bado itakuwa na mstari mtupu unaokutazama.

Ukilipa kwa kadi, mhudumu anaweza kuondoka nayo. Mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam, aliyezoea kulipa kwa simu mbele ya macho yake, hushtuka, lakini ndivyo wanavyofanya. Atarudi na karatasi mbili: moja yako, nyingine unaandika bakshishi, unaandika jumla mpya, unasaini na kuiacha mezani. Kwengine utageuziwa skrini yenye viwango vilivyopangwa tayari, 20, 22, 25. Bonyeza kiwango chako mwenyewe bila haraka. Kama uliagiza kaunta, ukabeba chakula mwenyewe na kufuta meza mwenyewe, asilimia kumi au hata sifuri si dhambi.

Suala la nani analipa limalizeni kabla ya kukaa. Wamarekani hugawana, na mhudumu atauliza kama mnataka bili moja au nyingi. Mwambie mwanzoni, kwa maana kuigawa mwishoni wakati foleni imejaa ni kumtesa. Wakorea wa zamani huacha mkubwa alipe, na wanaweza kuvutana kweli mbele ya kaunta. Sisi tunajua aliyealika ndiye anayelipa. Watu wa desturi hizi tatu wakikaa meza moja kila mmoja akisubiri desturi yake, bili hukaa pale ikipoa. Ukialika kwa Kiingereza, tamka kabisa kwamba unalipa wewe.

Hatua ya 9: Kilichobaki

Omba kifungashio, hakuna anayekuona mchoyo, na mara nyingi utaletewa kiboksi ujifungie mwenyewe. Wali wa kimchi unavumilia: kesho yake upashe kwenye kikaango kikavu, uongeze yai jipya. Kuku apashwe kwenye oveni au kikaango cha hewa, si maikrowevu, ukitaka ngozi irudi kukatika. Mayai ya Benedict yaacheni hukohuko, sosi yake hukatika ikipashwa. Na ukibeba kimchi kwenye gari siku ya joto, funga mfuko mara mbili na usiusahau kwenye kiti cha nyuma.